Aliyeanguka Hakusema

Nsimire alianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na aliyemwona ni mtu mmoja tu.

Alikuwa anatoka kwenye mashine ya kusaga, na beseni dogo la unga wa muhogo kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya Cimpunda, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, na zile ngazi ambazo watu wa avenyu walizipanga kwa mifuko iliyojazwa udongo zilikuwa zinateleza kama sabuni. Mfuko wa tano ulipasuka chini ya mguu wake. Hakuviringika wala hakupiga kelele. Alikaa tu, kwa kishindo, kama mtu anayekalia kiti kilichokwisha kuondolewa, na ndani ya mgongo wake akasikia kitu kikikatika kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu.

Colette alikuwa mlangoni kwake, hatua kumi kutoka pale, akichambua sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, za kuuza. Aliacha ungo wake chini akaja mbio, kwa namna wazee wanavyokimbia, mikono mbele.

"Pole pole. Shika miye."

"Unga imemwangika?"

"Acha unga. Mugongo iko namna gani?"

"Mugongo iko," Nsimire alisema, akajaribu kucheka, akashindwa.

Nsimire alikuwa na miaka sabini na moja, Colette sitini na tisa. Kwa miaka thelathini walibeba mizigo ya watu pamoja, kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu, kamba kwenye paji la uso na gunia mgongoni. Colette hakuhitaji kuambiwa kwamba mwenzake ameumia. Alimjua kwa pumzi.

"Colette, mwira wani," Nsimire alisema. Hayo ni maneno ya Mashi, lugha ya kwao, maana yake rafiki yangu, na aliyatumia tu alipokuwa na jambo zito. "Hapana ambia mutu. Ata Chantal. Ata padiri."

"Kuanguka imekuwa zambi?"

"Uliona vile balifanya mama yake Nathalie."

Colette alikuwa ameona. Avenyu nzima ilikuwa imeona. Mama yake Nathalie aliteleza akivuka mfereji, akavunjika nyonga, na tangu siku ile watoto wake, ambao walimpenda kweli, walimlaza katika chumba cha nyuma na kumkataza kushuka kitandani. Walipokwenda sokoni walifunga mlango kwa kufuli ili asijaribu. Watu waliwasifu: angalia batoto bazuri, wanachunga mama yao. Kwa miezi minane jua halikumgusa. Lilimgusa tena siku alipotolewa nje ndani ya sanduku.

"Kwa jina ya Bikira Maria," Colette alisema, "sitasema. Mupaka weye mwenyewe useme."

Akamwingiza ndani kwake, akamfuta tope miguuni, akamfunga kikwembe kikavu badala ya kile kilicholowa, akampa kikombe cha chai ya tangawizi. Baada ya nusu saa Nsimire alitoka, akishikilia ukuta. Tatiana wa nyumba ya ng'ambo, aliyekuwa akianika nguo, aliona mambo mawili: kikwembe kisicho cha Nsimire, na kikombe mkononi mwa Colette.

*

Nyumbani alisema ni malaria. Mwanawe Pascal, mwalimu wa shule ya msingi, alimnunulia vidonge. Mkamwana wake Chantal alimpikia uji. Nsimire alivimeza vidonge, akaunywa uji, na kila alipogeuka kitandani aliuma kona ya blanketi ili wasimsikie.

Maumivu aliyaweza. Alikuwa amezaa watoto sita na kubeba magunia akiwa na mimba zao. Kitu asichokiweza kilikuwa kipya kwake: hofu. Kutoka mlangoni mpaka chooni ni hatua kumi na nne, na kila moja ilimtisha. Alijaribu ardhi kwa ncha ya kidole gumba kabla ya kuweka unyayo, kama mtu anayepima maji kama ni ya moto. Mwanamke aliyeshuka Bukavu nzima na kilo themanini mgongoni, sasa aliogopa ganda la ndizi lililokuwa mita tatu mbali naye. Aliacha kwenda misa. Aliacha kwenda kwenye mashine. Alisema homa bado.

Wiki ya tatu, Chantal alikuwa akimsaidia kuvaa, akasimama akitazama chini.

"Maman, kikwembe yako inaburuta."

"Funga juu kidogo."

"Nilifunga fasi ya siku zote." Chantal alirudi nyuma hatua moja, akamtazama mama mkwe wake toka juu mpaka chini. Uso wake ukabadilika. "Maman. Uko unakuwa mufupi."

Pascal aliporudi shuleni aliitwa. Akamsimamisha mama yake kwenye fremu ya mlango, mahali ambapo kichwa chake kiliacha alama ya mafuta miaka yote. Sasa kichwa kilikuwa chini ya alama kwa vidole vitatu.

"Ile Jumanne ulikula fasi gani?" Pascal aliuliza.

"Hapa."

"Na kunywa?"

Nsimire alisita. "Chai. Kwa Colette."

Mume na mke wakatazamana.

"Na ile kikwembe ya Colette, ulivaa juu ya sababu gani?"

"Yangu ilikuwa mubichi."

"Mubichi na nini?"

"Na mvua."

"Saa ine mvua ilikuwa imeisha nyamaza, maman. Nilikuwa nafundisha inje."

Hakuna aliyelitamka neno lile mbele yake. Walilitamka uani, kwa sauti ya chini: karuho. Ni sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu husema hutiwa katika kinywaji na mtu wa karibu, halafu hukaa tumboni miezi, ikimla mtu kutoka ndani mpaka akonde, apinde, aishe. Ukikohoa sana, karuho. Ukikonda, karuho. Na kwa sababu inatoka kwa mtu wa karibu, kila anayeugua hutafutiwa rafiki wa kulaumu.

"Tumupeleke kwa kituo ya afya, Maman Delphine amuangalie," Chantal alisema, bila nguvu.

"Kule banapigaka sindano. Mutu wa karuho akipigwa sindano, anakufa palepale."

Hivyo ndivyo alivyosema mwalimu. Ukutani mwa darasa lake palikuwa na mchoro wa mifupa ya mtu, na kila mwaka aliwafundisha watoto wa watu kuhesabu pingili za uti wa mgongo, moja moja, kwa fimbo.

*

Mganga wa karuho alikaa ndani ndani, ng'ambo ya kijiji cha Miti. Walikwenda kwa pikipiki, watatu: dereva, Nsimire katikati, Pascal nyuma amemkumbatia mama yake asianguke. Njia ile ni mashimo. Kila shimo lilipanda kutoka gurudumu mpaka shingoni kwa Nsimire, na kila mara Pascal alimwambia sikioni, "Pole, maman, tunafika."

Mganga aliitwa Papa Philémon. Alivaa koti jeupe la daktari lenye doa la wino mfukoni, na mbele yake foleni ya watu ilikaa kwenye viti vya plastiki kama hospitalini. Hakumgusa mgonjwa. Alimwuliza Pascal maswali, na kila swali lilikuwa na jibu ndani yake.

"Alikuwa anakonda?"

"Ndiyo, papa."

"Mugongo?"

"Njo ile imepinda."

"Na kuna mwanamuke banakulaka naye. Mwanamuke wa myaka yake. Anajionyesha rafiki."

Pascal alifumba macho. "Ndiyo."

"Hmm," Papa Philémon akasema, akachota dawa kutoka ndoo.

Dawa ilikuwa ya kutapisha. Walimpa Nsimire vikombe vitatu vilivyojaa, wakamwinamisha juu ya beseni, msaidizi akimshika mabega. Alitapika robo saa. Katikati yake mgongo ukakatika mara ya pili, chini kidogo ya pale pa kwanza, na safari hii alipiga kelele. Msaidizi akafurahi: "Inatoka." Philémon akachokonoa beseni kwa kijiti, akainua kitu cheusi kidogo, chenye utelezi, ambacho mtu yeyote aliyewahi kuchemsha nyama angekijua ni kipande cha utumbo.

"Hii hapa. Imebakia ingine."

Dola hamsini. Chantal alikuwa ameuza vikwembe vyake viwili vya harusi kupata noti zile, maana tangu benki za mji zifungwe kwa sababu ya vita mshahara wa mwalimu ulikuwa hadithi. Pascal akazitoa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Njiani kurudi, Nsimire aliamua kusema. Alikuwa na ladha ya nyongo mdomoni, mgongo wake unawaka, na aliona wazi mahali jambo hili linakoelekea. Alifungua kinywa. Lakini Pascal alitangulia, kwa upole, kidevu chake begani mwa mama yake.

"Maman, kama ungekuwa ulianguka, ningesema ni uzee. Ningekuweka ndani, ukae, hakuna kutembea tena, tungemaliza. Lakini hii, kuna mutu alikufanyia. Siwezi kuacha."

Nsimire akakifunga kinywa. Na hapa hatuwezi kumtetea. Alichagua mlango wazi, akamwacha mwenzake alipe.

*

Alhamisi, kwenye shirika, ile jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wanaokutana kusali nyumba kwa nyumba, Pascal alisimama baada ya somo. Alisema hatataja jina. Hakuhitaji. Ulipofika wakati wa kupeana amani, mkono wa Colette ulibaki hewani. Tatiana aliangalia rozari yake kana kwamba alikuwa hajawahi kuiona.

Siku mbili baadaye Pascal aliandika barua kwa chefu, mkuu wa avenyu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaitembeza. Nyumba kumi na moja ziliitia sahihi. Wengine hawakuisoma. Mzee mmoja, Papa Christophe, fundi wa viatu, aliuliza tu, "Ni ya maji?" Akaambiwa hapana, ni ya usalama. Akatia sahihi.

Basi hakuna mtu aliyenunua tena sambaza za Colette. Alizikaanga, zikakaa. Akazianika, zikakaa. Watoto waliambiwa wapite upande mwingine. Jumapili jioni jiwe lilianguka juu ya mabati yake, moja tu, kama mtu anayebisha hodi. Kila mtu alijua kilichompata mama mmoja katika mtaa wa juu mwaka uliopita, kilivyoanza kwa jiwe moja na kuishia na tairi na moto, na hakuna aliyekitaja.

Colette alikuja kwa Nsimire. Pascal alisimama mlangoni.

"Pascal, mutoto yangu, nilikubebaka weye huku mugongoni. Niitie mama yako."

"Mama yangu iko analala."

"Nsimire," Colette aliita juu ya bega la kijana. "Mwira. Uko unanisikia. Sema ile kitu."

Ndani, nyuma ya pazia, Nsimire alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho wazi.

"Kitu gani?" Pascal aliuliza.

Colette alimtazama. Maneno matatu tu yalitosha: mama yako alianguka. Yalikuwa mdomoni.

"Muulize yeye," alisema, akaenda zake.

Alikuja tena kesho yake. Alikuja mara ya tatu, Ijumaa, na safari hiyo hakuita. Alisimama tu nje kwa muda, kisha sandali zake zikasikika zikishuka.

*

Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya pamoja. Asubuhi watu wote wa avenyu walizibua mfereji kwa majembe na koleo, na kazi ilipokwisha chefu, Papa Jacques, aliwakusanya uani kwake. Colette alisimamishwa katikati, kwenye jua. Hakupewa kiti. Barua ikasomwa.

"Maman Colette, ulimupa huyu maman nini?"

"Chai."

"Ya nini?"

"Ya tangawizi. Nilionja mbele, sawa tunafanyaka wote. Kisha nikamupa."

"Na juu ya nini alitoka kwako na kikwembe yako?"

Colette akatazama juu, kwenye nyumba ya Nsimire.

"Tunakuuliza."

"Iko na mwenyewe wa kujibu."

Uani pakavuma. Kijana mmoja nyuma akasema, "Anajibu sawa mulozi." Wengine wakacheka. Mwingine akauliza kwa sauti ya mzaha kama petroli imepanda bei, na safari hii hawakucheka wote.

Nyumbani kwao, juu ya uwanja ule, Nsimire alisikia mvumo. Alikuwa peke yake. Alitoka mpaka ukingo wa ngazi. Kutoka pale aliona uwanja, vichwa, na katikati kitambaa cha kijani cha Colette, kikiwa na nafasi tupu pande zote.

Kati yake na kile kitambaa zilikuwapo ngazi ishirini na mbili za mifuko. Aliweka mguu juu ya mfuko wa kwanza, ukabonyea, akaurudisha. Aliona kila kitu kitakavyokuwa: utelezi, hewa, kishindo, chumba cha nyuma. Akatafuta mtu wa kumshika. Wote walikuwa kule chini wakimhukumu mtu ambaye angemshika.

Akakaa. Akakunja kikwembe chake kati ya miguu, akaweka viganja pande mbili, akashuka kwa makalio, mfuko mmoja, halafu mwingine, kama mtoto ambaye hajajua kutembea. Kwenye mfuko wa nane walimwona. Mtu akasema, "Maman wa mwalimu iko anafanya nini?" Wengine wakafikiri sumu imepanda kichwani. Pascal akaanza kukimbia juu.

"Baki hapo," mama yake akasema. "Ukinigusa, nitaachilia mikono."

Pascal akabaki. Nsimire alishuka zote ishirini na mbili mbele ya watu ambao alisimamia ubatizo wa watoto wao, matope mpaka kiunoni, bila kumtazama yeyote. Chini, alimnyoshea Colette mkono. Colette alichelewa kidogo kabla ya kuushika. Kila mtu aliona amechelewa.

"Nilianguka," Nsimire alisema. "Ile Jumanne. Pale kwa mufuko wa tano, ile imepasuka, hamukuitengeneza. Huyu aliniokota. Alinipangusa. Nilimwapisha asiseme, juu niliogopa munifungie sawa mama yake Nathalie. Yeye alishika neno yake. Miye nilinyamaza, mukamwita mulozi."

"Maman," Pascal alisema, "dawa bado inakuchanganya."

"Dawa ilinivunja mara ya pili, mwalimu."

Hapo ndipo Delphine, muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuwa pembeni ameegemea koleo lake, alipoliweka chini koleo akasogea. Alipitisha vidole vyake juu ya uti wa mgongo wa Nsimire, polepole, kutoka shingoni. Mahali pawili Nsimire alishtuka.

"Radio ilisema nini?" Delphine akamwuliza Pascal.

"Hatukupiga radio."

"Picha ya mifupa ni dola kumi na tano. Mulilipa ngapi kule mulienda?"

Chantal akajibu kwa ajili yake: "Makumi tano."

"Mwanamuke akiisha acha kuona mwezi wake, mifupa inaanza kuisha ndani," Delphine alisema, kwa uani mzima, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema jambo lilelile. "Inakuwa nyepesi sawa mukate mukavu. Na huyu alibebaka mizigo ya batu myaka makumi tatu. Akikaa chini na nguvu, pingili inapondeka, mutu anakuwa mufupi. Njo ile kikwembe inaburuta. Nawaonaka kila wiki, kila mwaka. Na kila mara mukiniletea mutu, mumeisha kumutapisha."

Papa Jacques alikunja barua mara nne, akaiweka mfukoni. "Basi," akasema. "Tunamushukuru Mungu. Mambo imeisha. Kila mutu arudie kwake."

Watu wakaanza kuokota majembe yao. Hivyo tu. Mwanamke alikuwa amebakiza hatua chache afike kwenye tairi, na wao walikuwa wanatafuta majembe yao.

"Haiyaisha," Colette alisema.

Wakasimama.

"Nina wiki nzima sijauzisha sambaza. Nina jiwe kwa mabati yangu. Nani alitupa, siulize. Pascal, ulitembeza jina yangu nyumba kwa nyumba. Nani atairudisha?" Akamgeukia Nsimire, na sauti ikapungua. "Na weye. Mara tatu nilikuja kwa mulango yako. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Aksanti kwa kusema ukweli," Colette alisema, akauachia mkono wake, akaingia kwake, akafunga.

*

Radio ilionyesha pingili mbili zilizopondeka. Daktari alimpa Nsimire dawa za maumivu na kumkataza kuinama na kubeba. Delphine alikuja nyumbani mwenyewe kueleza mengine: ale sambaza na mifupa yake, ale mboga za lengalenga na maharagwe, akae juani kila asubuhi, na baada ya wiki tatu atembee. Kila siku. Mfupa usiotembea unaisha upesi zaidi, alisema, na anayeogopa kuanguka akakaa, miguu yake inasahau kazi, ndipo anaanguka kweli.

Pascal alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kufuli.

"Ni juu ya wezi," alisema.

Mama yake aliitazama ile kufuli mpya, bado ndani ya nailoni yake. "Ukinifungia, nitapitia kwa dirisha. Nianguke ya kweli, upate sababu."

"Maman, nakupenda. Sitaki uvunjike tena."

"Batoto ya mama yake Nathalie pia walimupenda."

Pascal alikaa chini, kwenye kiti kidogo cha jikoni cha Chantal, magoti yakamfika kifuani. Alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo linalouma: mambo haya yote yalifanywa na watu wazuri, wenye kusali, wenye kukumbatia mama zao kwenye pikipiki.

"Ile barua," Nsimire aliuliza, "ulitembeza nyumba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Maman Delphine amesema nitembee kila siku. Basi kila siku nyumba moja. Miye natembea, weye unasema."

"Niseme nini?"

"Useme ulichonga uongo juu ya mutu. Kisha miye nitasema nilinyamaza. Kila mutu na yake."

Pascal alichomeka nguzo za mkaratusi kando ya ngazi, akafunga kamba ya kushikilia, maana chefu alikuwa ameahidi salongo ya kuzitengeneza na salongo hiyo ikaenda kuchimba mfereji wa nyumba yake. Wiki tatu zilipokwisha wakaanza. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Tatiana. Pascal alisema kwa haraka, macho chini, kama mwanafunzi anayesoma asichokielewa. "Rudilia," mama yake akamwambia. "Hakusikia." Akarudia. Tatiana alilia, akataka kuleta soda. Walikataa soda. Siku ya pili, nyumba ya pili. Nsimire alitembea na fimbo, mkono mmoja kwenye kamba, akipima kila mfuko kwa kidole gumba. Hofu haikutoka. Ilitembea naye, lakini ilitembea.

Kila siku walipita mbele ya meza ya Colette. Watu wawili watatu walikuwa wameanza tena kununua. Colette aliitikia salamu za mama na mwana, "Ndiyo, jambo," kama anavyomwitikia mpita njia, akaendelea kupima sambaza kwa kikombe. Nsimire alinunua kikombe kimoja kila siku, kama Delphine alivyoagiza. Colette alimpa sawasawa, bila nyongeza, kikombe alichompa kila mtu.

Siku ya tisa jua lilikuwa kali na Pascal alikuwa amechoka. Nyumba ya Papa Christophe, yule fundi wa viatu, ilikuwa juu kabisa, mwisho wa kijia kisicho na kamba.

"Tuache hii," Pascal alinong'ona. "Muzee hakuisoma ata ile barua. Tuende kwa ya kumi, hapa chini tu."

Nsimire alitazama kile kijia, akatazama miguu yake.

"Munaruka ya Papa Christophe," Colette alisema kutoka mezani. Hakuinua kichwa. Alikuwa akihesabu, basi, siku zote hizi.

Pascal aligeuka amjibu. Alipogeuka tena, mama yake alikuwa amekwisha kuweka fimbo kwenye kijia, na anapanda.